Mtoto hataki kitabu kingine ila cha makinda ya bundi, na nyanyake hataki kukiona

fundi_friji_kisauni

Assalaam aleikum jamaa. Nna swali la vitabu vya watoto lakini limeshikana na mambo ya nyumbani, mnivumilie.

Mke wangu ni muuguzi. Zikiingia zamu zake za usiku huondoka Magharibi, akirudi asubuhi mimi nishampeleka mtoto shule. Kwa hivyo kumlaza ni kazi yangu. Mwanetu yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na kulala kwake ni vita: maji, choo, maji tena, halafu lile swali. Mama yuaja saa ngapi? Ukimwambia asubuhi, akuuliza asubuhi ni lini.

Sasa nilikuwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, natafuta kapasita ya kompresa, na nje ya duka la spea kuna jamaa amemwaga vitabu vya mtumba juu ya turubai. Nikaokota kimoja kwa ajili ya picha tu. Ndege watatu weupe, manyoya kama pamba iliyochambuliwa, macho yamewatoka, wamepangana juu ya tawi na nyuma yao giza tupu. Owl Babies, maneno ya Martin Waddell, picha za Patrick Benson, cha mwaka 1992. Ni cha Kiingereza, ila maneno yake machache, nikaona hiki naweza kukigeuza Kiswahili papo hapo hata nikiwa nasinzia.

Kwa asiyekijua: makinda watatu, Sarah, Percy na Bill, wanaishi na mama yao ndani ya tundu la mti. Wanaamka usiku, mama hayupo. Sarah ndiye mkubwa, anajikaza, adhani mama ameenda kuwinda. Percy naye anaunga mkono, ameenda kutafuta chakula. Bill, kitinda mimba, hana hoja yoyote. Yeye amtaka mamake, basi, na hilo ndilo neno lake kitabu kizima. Wanatoka tunduni, wanakaa matawini, wanajazana hofu, mwisho wanasongamana kwenye tawi moja. Kisha mama anarudi. Kimeisha. Hakuna zimwi, hakuna mtoto mtukutu anayekomeshwa, hakuna ukurasa wa mwisho wa kukufunza adabu.

Mwanangu amejifanya Bill tangu siku ya kwanza. Nikifika zamu ya Bill nanyamaza, yeye ndiye husema. Mama bundi akishatua, naye ashalala. Wallahi alala, na saa tatu haijafika.

Shida ni mamangu. Twaishi naye na ndiye amtazamaye mtoto mchana. Alipoona lile jalada hakusema kitu. Kesho yake kitabu hakipo. Nimekitafuta mpaka nikakikuta juu ya kabati, kimefunikwa gazeti na kufungwa uzi. Hoja yake ni kwamba bundi ni uchuro, na nyumba ambayo mtu wake hutoka usiku kwenda kazini haimkaribishi bundi ndani, sembuse kumlaza mtoto naye. Mamangu si wa kubishana naye. Kitabu nimekirudisha, kimepotea tena. Sasa nakificha kwenye boksi la spana, huko hatii mkono.

Nauliza mambo mawili. Kuna vitabu vingine vya picha vya makinda ya bundi, mtoto asiishie kimoja tu? Na nyinyi mliokuzwa mkiambiwa bundi ni kisirani, mwafanyaje? Tafadhali msiniambie nimbadilishie mnyama. Nimeleta cha sungura, akakitazama mpaka mwisho, akaniuliza huyu sungura mamake afanya kazi wapi.

kitumbua_moto

Bro, si usome tu hicho hicho, lakini kila penye bundi useme kuku? Mtoto hajui kusoma, nyanyake atafurahi, mambo yaishe.

fundi_friji_kisauni

Kuku akiwa nje saa tano ya usiku Kisauni, huyo si mama aliyeenda kazini, huyo ameshaibiwa. Hadithi nzima yasimama juu ya mama ambaye usiku ndio kazi yake. Niletee mnyama mwengine mwenye zamu ya usiku na watoto wa kupendeza, nitambadilisha leo. Popo nimeshamfikiria. Mamangu atahama.

mwl_chekechea_likoni

Wa aleikum salaam kaka fundi. Nafundisha chekechea huku ng'ambo, na bundi nimemwingiza darasani zamani sana kabla ya swali lako. Nna viwili vya kukwambia.

Cha kwanza ni A Bit Lost cha Chris Haughton, mwandishi na mchoraji wa Ireland, kilitoka 2010. Toleo la Marekani laitwa Little Owl Lost, kwa hivyo angalia usije ukanunua kitabu kimoja kwa majina mawili. Kinda amesinzia kiotani, akaanguka mpaka chini. Akatokea kindi mwenye kiherehere. Mamako yukoje? Mkubwa. Twende! Akampeleka kwa dubu. Ana masikio yaliyochongoka. Twende! Kwa sungura. Ana macho makubwa. Kwa chura. Chura ndiye aliyekuwa na habari. Rangi zake si za bundi yeyote wala si za msitu wowote niujuao, na watoto hawakujali hata kidogo. Kazi yao ni kupiga kelele "siye huyooo!" mpaka mwalimu wa darasa la pili aje kuchungulia. Dubu utalazimika kumweleza.

Kwa mwanao lakini naona kina upungufu. Humo kinda ndiye aliyepotea. Mama hakwenda popote, yeye ndiye anayemtafuta. Kitamchekesha, ila lile swali lake la usiku hakitaligusa.

Cha pili chaligusa. The Owl Who Was Afraid of the Dark, cha Jill Tomlinson, 1968. Asili yake ni kitabu cha sura, cha mtoto anayesoma mwenyewe. Baadaye kilifupishwa kikawa cha picha, michoro ni ya Paul Howard, na hicho ndicho ukitafute. Kinda anaitwa Plop. Ni wale bundi weupe wenye uso wa umbo la moyo, ambao hata hapa kwetu wako. Bundi mzima anaogopa giza! Mama yake anamtuma ashuke mtini aulize watu giza lina nini, na kila anayemuuliza ampa sifa moja ya giza.

Sasa, humo kuna mtoto anayependa giza kwa sababu ya fataki, na mwengine kwa sababu ya yule mzee wa Krismasi. Hapo mimi hukifunga kitabu mapajani na kuendelea kwa kichwa. Plop wangu hutua Likoni. Amkuta mvuvi anawasha karabai, ambaye bila giza taa yake haimwiti samaki. Amkuta mama wa mahamri ameshakanda unga na kuufunika, ambaye usiku ndio unaomuumulia. Amkuta mzee yuko ufuoni anautafuta mwezi wa Ramadhani, ataka jua lizame upesi. Watoto wenyewe wameongeza. Mmoja alisema stima zikipotea ndipo babake huweka simu chini. Hilo nimelibakisha, nalisoma kila mwaka, hasa siku ya mkutano wa wazazi.

Kuhusu nyanyake mtoto sina dawa. Mimi mwenyewe nilipobandika picha ya bundi ukutani darasani, wazazi walikuja wawili wawili kuniuliza kulikoni. Sikuibandua. Niliandika chini yake kwa herufi kubwa B, na bundi akawa mtaala.

mwongoza_ndege_gede

Fundi, mimi huwaongoza wageni wa kutazama ndege msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hivyo vitabu nawaachia walimu. Lakini kuna kitu kwenye hicho kitabu chako ambacho wasomaji wengi hawakioni. Mchoraji amewafanya wale watatu wakubwa kwa wadogo. Si urembo. Bundi jike huanza kulalia yai la kwanza palepale linapotoka, hangoji mayai yatimie kama kuku. Mayai yenyewe hutagwa kwa kupishana siku mbili au tatu, kwa hivyo na kuanguliwa hupishana. Ukichungulia tundu la bundi utamkuta mmoja ameshaota manyoya na mwengine bado yuatetemeka. Panya wakiwa haba, mkubwa ndiye hushiba. Hilo usimwambie Bill.

Na ile ya kutoka tunduni wakakaa matawini ni kweli pia. Bundi wengi makinda hutoka kabla hawajajua kuruka. Hupanda kwa kucha na mdomo, wakipapatika tawi hadi tawi, na wazazi huwaletea chakula hukohuko. Kwa hivyo wana Mombasa, mkimkuta kinda chini ya mwembe huko Tudor au Nyali, msimchukue kwenda kumlea kwa ugali. Mwekeni juu ya tawi, paka na kunguru wasimfikie, muondoke. Wazazi wako karibu.

Kunguru ndio wanaomharibia jina bundi huko mjini. Bundi akionekana mchana, kunguru humzunguka wakimpigia kelele mpaka mtaa mzima utoke nje. Mtu apita, aona ndege mmoja amezungukwa na wote, asema huyo lazima ni wa mchawi. Kumbe wao wamjua kwa sababu bundi wengine usiku hukamata ndege waliolala na hata makinda yao.

Nyingine ni ya sauti. Yule bundi mweupe wa darini halii "huu, huu". Hupiga yowe la kukwaruza, na makinda yake hukoroma na kufoka usiku kucha wakidai chakula. Nimeshaitwa Malindi kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameshalipa watu wawili waje kusoma dua darini. Tukaweka ngazi. Makinda wanne, na chini yao rundo la madonge ya mifupa na manyoya ya panya, maana bundi hummeza panya mzima kisha hutapika asichoweza kukisaga. Nilimwambia mwenye nyumba aache kutega sumu ya panya, kwa sababu panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, na bundi yuafa. Alikubali kwa shingo upande. Wageni wake walihamia chumba cha mbele.

Mpe kijana na hii ya kucheza nayo: macho ya bundi hayazunguki kichwani, yamekwama. Akitaka kutazama pembeni ni lazima ageuze shingo, na huigeuza nyuzi 270, robo tatu ya duara. Shingo yake ina pingili 14. Sisi tuna 7. Mwambie ajaribu, utacheka.

Mwisho, nna kinyongo kidogo. Vitabu vyote mlivyovitaja ni vya bundi wa Ulaya. Sisi Pwani tuna bundi wetu, bundi mdogo wa Sokoke, aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1966. Ana uzito wa gramu 50 hivi, robo ya pakiti ndogo ya majani chai ya gramu 200. Wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wekundu kama udongo wa msitu wenyewe. Nje ya misitu yetu ya huku wapatikana kwa uchache chini ya milima ya Usambara, Tanzania, na basi. Mchana hulala jozi jozi, wamegusana mabega, kwenye matawi ya chini kabisa, na mgeni asimame hatua chache asiwaone mpaka nimshike kichwa nimwelekeze. Nani atamchorea mtoto wa Kisauni kitabu cha huyo?

mwl_chekechea_likoni

Mzee wa Gede, kuna African Storybook kwenye mtandao. Hadithi zake ni bure kupakua, kuchapisha na kutafsiri, ziko za Kiswahili tele, na hata wewe mwenyewe waweza kutunga ukaweka. Wewe andika, watoto wangu watachora. Nasema kweli.

nyanya_wa_kibokoni

Fundi mwanangu, salaam. Nimesoma yote na mimi niko upande wa mamako, lakini ngoja nikwambie kwa nini.

Sisi tumekua tukiogopeshwa na babewatoto, yaani bundi. Alikuwa akilia juu ya paa, mama mwenye mtoto mchanga halali. Nguo za mtoto zaondolewa kambani kabla jua halijatua, ndege wa usiku asipite juu yake. Mtoto akishikwa na homa akatukutika, macho yakageuka, watu husema ni nyuni, maradhi waletwayo watoto na ndege. Leo twajua ile ilikuwa homa kali, na mara nyingi malaria. Wakati huo hakuna aliyetwambia. Mamako huenda alimwona mtoto akienda hivyo, mdogo wake, au wa jirani. Kwa hivyo akificha kitabu usimcheke, wala usidhani ni ujinga. Yuamlinda mwanao kwa silaha aliyopewa.

Kwa upande wa dini hana pa kusimama, na nafikiri ajua. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwamba hakuna tiyara, yaani kuamini mikosi, wala hama. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakiamini mtu akiuawa roho yake hugeuka bundi, akakaa kulia juu ya kaburi mpaka alipiziwe kisasi. Hiyo ndiyo hama, na ikakanushwa. Marehemu mume wangu alikuwa akisomesha chuoni, akiipenda sana hadithi hii, na bado bundi akilia alikuwa akinituma mimi nikafunge dirisha.

Fanya hivi. Usimsomee mtoto kwa kujificha. Msomee mbele ya nyanyake, mchana, na mpe yeye sauti ya mama bundi. Na ukitoe kitabu kwenye hilo boksi, kitanuka grisi.

fundi_friji_kisauni

Narudi na habari. Ahsanteni nyote, na bi mkubwa wa Kibokoni shikamoo.

Hadithi ya hama nilimsomea mamangu. Akanijibu kwamba aliijua kabla hajanizaa, na tatizo lake si imani, tatizo lake ni yale macho, hapendi vile yanavyomtazama. Nikaona huo tayari ni mlango, maana juzi ilikuwa kifo, sasa imekuwa macho.

Jumamosi baada ya chakula nikakitoa kitabu mbele yake. Mtoto akamkalia mapajani akaanza kumsomea, yaani kusema kwa kichwa, huku amekishika juu chini. Mamangu akatazama ukutani mpaka kurasa kama tatu. Kisha nikamsikia: "Sasa huyu mama ametoka usiku, watoto amewaacha na nani?" Mtoto akasema peke yao. "Peke yao! Hana mama? Hana mkwe? Jirani je? Bundi gani huyu?" Akakichukua kitabu akatafuta mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kama kuna mtu mzima kwenye ule mti. Hakuna. Akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyekiandika.

Basi sasa kwenye tundu la pili, mti huohuo, yuko nyanya bundi. Picha haimwonyeshi, lakini yuko, na akohoa. Mama bundi akitoka, amwambia Sarah funga mlango. Nikisahau kumtia hadithini, mtoto anisimamisha na kunirudisha nyuma, na toka chumba cha pili nasikia kikohozi cha kweli. Masharti yaliyobaki ni mawili: kisomwe kabla ya Isha, na kisilale kitandani kikiwa kimefunuliwa. Nimeyakubali yote.

Mke wangu alipoelezwa alicheka, kisha akauliza mbona baba bundi hatajwi hata mara moja. Sikuwa na jibu, nikaenda kutengeneza friji ya mtu.

Ya pingili 14 mzee wa Gede umeniponza. Mtoto huzunguka nyumba nzima akigeuza shingo, amewaambia wote PP1, na mwalimu wake amenipigia simu kuuliza kama ana maumivu.

Swali lililobaki ni la sokoni. Changu ni cha karatasi laini na kimeanza kuachana mgongoni, nimekitia gluu ya mabomba na imekifanya kigumu hakifunguki sawasawa. Nataka chenye kurasa za kadibodi. Na hicho cha Plop cha picha, nani anacho?

mtumba_vitabu_mwembetayari

Boss, huenda ni mimi niliyekuuzia. Cha kadibodi cha Owl Babies ninacho kimoja, kona imetafunwa na mtoto wa kwanza wa huko kilikotoka, bei ni mia mbili, ukija nacho kile cha gluu nitakuondolea hamsini maana kuna fundi wa kuvishona. A Bit Lost hupita, nikiipata nakuwekea. Plop ninacho cha sura tu, cha picha sina. Marobota mapya hufunguliwa Jumanne asubuhi, na walimu wa shule za Nyali huwahi, kwa hivyo usije saa nne. Njoo saa moja na nusu. Cha sungura kama bado unacho, nacho nachukua.